Safari ya Kwanza Ng'ambo: Maneno kwa Watu wa Kitui na Makueni



Siku hizi si ajabu kuona gari likiondoka Mwingi, Kitui mjini, Wote au Kibwezi likiwa na msafiri mmoja aliyevaa nguo zake nzuri, na jamaa kumi wanaomsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Huyu aenda kusoma Uingereza, yule aenda kufanya kazi Saudi Arabia, na mama mtu mzima aenda Marekani kumwona mjukuu wake. Nyuma ya kila safari ya namna hii pana mali ya watu wengi: mbuzi waliouzwa, mkopo wa chama, mchango wa harambee, na pengine kipande cha shamba. Mali yote hiyo yaweza kupotea kwa dakika chache mbele ya meza ya ofisa, hata kama msafiri ni mtu mwema, iwapo hakujitayarisha. Kwa hiyo napenda leo niwaeleze machache juu ya matayarisho hayo.

Kwanza nawakumbusha kwamba Wakamba si wageni wa safari. Katika karne ya 19 misafara yao ilikuwa ikishuka pwani na pembe za ndovu. Kivoi wa Kitui alikuwa mfanyabiashara mwenye sifa kubwa, na ndiye aliyempokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849. Katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf aliuona Mlima Kenya. Watu wa misafara ya zamani walijua kwamba kila nchi ina wenyewe. Msafara ulipofika mpakani ulieleza watokako na waendako, na ulilipa hongo. Neno hilo leo limeharibika na kuwa jina la rushwa, lakini zamani lilikuwa jina la ushuru wa njia, uliolipwa mchana mbele ya watu. Uwanja wa ndege wa leo ni mpaka ule ule, na jambo linalotakiwa kwa msafiri ni lile lile: aeleze kwa uwazi yeye ni nani na amebeba nini.

Msafiri atakutana na maofisa wa namna mbili, na haifai kuwachanganya. Ofisa wa uhamiaji humchunguza mtu: jina lake, ruhusa yake ya kuingia, na sababu ya safari. Ofisa wa forodha huuchunguza mzigo: chakula, fedha, bidhaa na dawa. Mtu aweza kupita kwa wa kwanza bila taabu, kisha akashikwa na wa pili. Basi na tuanze na wa kwanza.

PASIPOTI NA MAJINA

Yafaa msafiri aombe pasipoti mapema, kabla ya kulipa nauli. Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao wa Serikali uitwao eCitizen, kisha mwombaji huenda yeye mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na muda wa miezi 6 au zaidi kabla ya kwisha, kwa hiyo mwenye pasipoti ya zamani na aitazame vizuri tarehe yake.

Jambo linalowasumbua watu wetu mara nyingi ni majina. Mtu mmoja huandikwa Musyoka katika cheti cha kuzaliwa, Musioka katika kitambulisho, na katika cheti cha shule jina la baba limetangulia la kwake. Nyumbani kila mtu amjua, na hakuna taabu. Lakini ofisa aliye mbali hamjui baba yako wala kijiji chako. Yeye ana karatasi tu, na karatasi mbili zisizolingana kwake ni watu wawili. Tengenezeni tofauti hizo huku huku nyumbani, maana kazi hiyo huchukua majuma na pengine miezi. Hali kadhalika tikiti ya ndege iandikwe jina lile lile lililo katika pasipoti, herufi kwa herufi.

Fanyeni nakala za pasipoti, viza, na barua za shule au mkataba wa kazi. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mtu mwaminifu.

CHETI CHA HOMA YA MANJANO

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa sababu hiyo nchi nyingine, kama vile India na Afrika Kusini, humdai mtu atokaye Kenya cheti cha chanjo hiyo. Cheti huanza kufaa siku 10 baada ya kuchanjwa. Mtu aliyechanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa ana cheti mkononi, lakini mbele ya sheria ni kama hana, na India yaweza kumtenga mahali pa uangalizi hata siku 6. Tangu Julai 2016 cheti hiki hufaa kwa maisha yote ya mwenyewe, kwa hiyo kichukueni katika kituo kilichoidhinishwa na Serikali, na kihifadhiwe pamoja na pasipoti.

MASWALI YA OFISA WA UHAMIAJI

Wengi hudhani kwamba mwenye viza amekwisha kuingia. Sivyo. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni, na ofisa aliye mlangoni ana uwezo wa kukataa. Atauliza: Umekuja kufanya nini? Utakaa kwa nani? Kwa siku ngapi? Nani atakulipia? Mjibuni kwa maneno machache yaliyo kweli. Anwani ya mahali mtakapokaa iandikwe katika karatasi, wala isiwe ndani ya simu pekee, kwa kuwa simu huishiwa na moto. Na karatasi hizo zikae katika mfuko wa mkononi, maana sanduku kubwa hamtalipata mpaka mmekwisha kupita kwa ofisa huyo.

Aliyepewa ruhusa ya kutembea asende kutafuta kazi, na aliyepewa ruhusa ya kusoma asizidishe saa za kazi alizoruhusiwa. Kwa wale waendao Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, hakikisheni kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Someni mkataba kabla ya kutia sahihi, na asiyejua lugha yake atafute wa kumsomea. Yeyote awaambiaye, "Ukifika useme umekuja kutembea tu," anawafundisha uwongo ambao mtaulipia ninyi wenyewe, naye hatakuwako.

CHAKULA KUTOKA NYUMBANI

Sasa natua penye jambo linalowagusa akina mama. Mtoto akienda mbali, mama hataki aende mikono mitupu. Humfungia maembe ya Makueni, asali ya Mwingi, nyama iliyokaushwa, ndengu na mbaazi. Ni upendo mtupu. Lakini katika forodha ya ng'ambo, kila kimoja cha vitu hivyo kina sheria yake.

Tuanze na embe. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kuingia na matunda mabichi bila cheti cha afya ya mimea, ila machache tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe halimo. Cheti hicho kwa hapa Kenya hutolewa na KEPHIS, na ni lazima kipatikane kabla ya kuondoka.

Wako watakaosema kwamba hii ni chuki ya wenye nchi. Wakulima wa Makueni wajua zaidi. Mwaka 2003 inzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana pwani ya Kenya kwa mara ya kwanza. Hutaga mayai ndani ya tunda. Kwa nje embe ni zuri, ndani limejaa funza. Kwa sababu ya inzi huyo, mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya. Soko lilifungwa kwa miaka mingi, mpaka 2021, baada ya kazi kubwa ya kuwaangamiza inzi katika mashamba, hasa ya Makueni. Basi msafiri mmoja mwenye embe bovu ndani ya sanduku aweza kulichafua jina la mashamba ya watu wengi.

Na ghalani mwenu kuna shahidi wa pili, yule mdudu wa mahindi ambaye wakulima wamempa jina la Osama. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 au karibu na hapo, kisha akavuka mpaka akaja kwetu, na mpaka leo hugeuza gunia la mahindi kuwa unga wa vumbi. Mdudu huyu hana mabawa ya kuvuka bahari. Aliletwa na mizigo. Mtu aliyepata hasara hiyo hapaswi kushangaa akiona ofisa wa nchi nyingine anapekua mbegu zake. Ndengu, mbaazi na mbegu za kupanda pia zahitaji cheti cha KEPHIS.

Nyama na maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kuingizwa na msafiri katika Umoja wa Ulaya wala Uingereza, hata vikiwa vya kula njiani. Marekani pia ni kali sana juu ya nyama. Asali ina nafasi: Umoja wa Ulaya na Uingereza huruhusu mpaka kilo 2 kwa matumizi ya msafiri mwenyewe. Lakini kumbukeni kwamba katika ulinzi wa viwanja vingi vya ndege asali huhesabiwa kuwa kitu cha majimaji, na chombo kinachozidi mililita 100 hakikubaliwi katika mfuko wa mkononi. Ifungeni vizuri, iwekwe katika sanduku kubwa.

Na sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Marekani hutaka kila chakula kitajwe. Msafiri akitaja kitu kisichoruhusiwa, kitu hicho huchukuliwa na yeye huenda zake bila faini. Akinyamaza kikaonekana, hutozwa faini ambayo yaweza kufika mamia ya dola. Embe ni lile lile, sanduku ni lile lile. Tofauti ni neno moja lililosemwa au lililofichwa. Australia nayo ina karatasi ambayo kila msafiri huijaza, na huadhibu vikali uwongo ulioandikwa humo. Kwa hiyo mkiwa na shaka, tajeni.

VINYAGO NA VYONDO

Ufundi wa kuchonga uliingia Ukambani pamoja na Mutisya Munge wa Wamunyu, huko jirani Machakos, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo kinyago ni zawadi inayopendwa na wageni, lakini mti wake una sheria. Mpingo, pamoja na miti yote ya jamii yake, uliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya mapatano ya mataifa yanayolinda mimea na wanyama. Tangu Novemba 2019 vitu vilivyokwisha kutengenezwa huruhusiwa kupita bila hati hizo, maadamu uzito wa mti huo katika mzigo mmoja hauzidi kilo 10. Zawadi moja au mbili hazina taabu. Mwenye kutaka kupeleka sanduku zima na aulize kwanza.

Kinyago kisiwe na gome, tundu la mdudu wala unga wa bungua. Kiondo kiwe safi, kisicho na udongo wala nafaka katika mishono. Kibuyu kitolewe mbegu zote. Ngoma iliyowambwa ngozi mbichi, manyoya ya ndege, na kitu chochote cha pembe ya ndovu au ngozi ya mnyama wa mwitu, viacheni nyumbani. Uta na mishale ya babu haviingii katika mfuko wa mkononi kamwe.

Kadhalika fahamuni tofauti ya zawadi na biashara. Vyondo vitatu ni zawadi. Vyondo hamsini ni bidhaa, na bidhaa hulipiwa ushuru. Wekeni risiti, maana pasipo risiti ofisa hukadiria bei mwenyewe.

FEDHA

Kuchukua fedha nyingi si kosa. Kosa ni kuzificha. Kwa sheria ya Kenya, mtu anayeingia au kutoka na fedha taslimu zifikazo dola 10,000 za Marekani, au thamani yake, ni lazima aarifu forodha. Umoja wa Ulaya husema euro 10,000, Uingereza pauni 10,000, na Marekani zaidi ya dola 10,000. Wengi wetu hatutafika huko, lakini kikundi kilichochanga fedha za matibabu ya mgonjwa India chaweza kufika. Jazeni karatasi, chukueni barua ya hospitali na hati ya benki, na mtapita. Aliyezishona fedha hizo ndani ya koti aweza kunyang'anywa zote, na mgonjwa akakosa matibabu.

DAWA, MIRAA NA MZIGO WA MWINGINE

Hili ndilo jambo zito kuliko yote, nami naomba mlisikilize kwa makini.

Dawa za hospitali zibaki katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari iliyoandikwa jina la dawa na la mgonjwa. Dawa za maumivu zenye kodini, na ile iitwayo tramadol, hudhibitiwa sana katika Falme za Kiarabu, na huhitaji kibali kabla ya kuingia nazo. Dawa za mitishamba zisizo na jina wala karatasi huleta maswali yasiyokwisha.

Miraa na muguka huuzwa hapa hadharani, na kijana hudhani kwamba huko nako ni hivyo. Uingereza ilipiga miraa marufuku mwezi wa Juni 2014. Marekani hairuhusu, wala Saudi Arabia. Fungu dogo lililosahauliwa katika mfuko wa koti laweza kuwa kesi.

Na sasa juu ya mzigo wa mtu mwingine. Kwetu ni desturi njema kumwambia msafiri, "Nipelekee kifurushi hiki kwa ndugu yangu." Katika safari ya ng'ambo desturi hiyo imegeuka mtego. Wafanyao biashara ya dawa za kulevya humtafuta mtu aliye maskini na asiyejua. Humpa tikiti ya bure, ahadi ya kazi, na sanduku lililokwisha kufungwa. Sheria ya forodha humtazama yule aliyelishika sanduku, na tikiti yake ya mzigo ina jina lake. Kusema "sikujua" ni utetezi dhaifu sana. Katika Singapore, China, Indonesia na Saudi Arabia sheria huruhusu adhabu ya kifo kwa biashara hiyo, na mwezi wa Novemba 2022 Saudi Arabia ilianza tena kuwaua watu kwa makosa ya dawa za kulevya baada ya kusimama kwa muda.

Kwa hiyo sanduku lako lifunge mwenyewe. Kitu usichokifungua usikibebe, hata kimetoka kwa shemeji, hata kimetoka kwa mtu wa dini. Anayekasirika kwa kuombwa afungue kifurushi chake amekwisha kukujibu. Na ukiwa uwanjani usiliache sanduku lako peke yake, wala usimshikie mgeni lake.

SIKU YA KURUDI

Forodha haiko ng'ambo tu. Arudiye Kenya hujaza karatasi iitwayo F88, na kutaja alivyoleta. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mtu mzima huruhusiwa kuingiza bila ushuru lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo. Vitu vilivyo vipya na vingi, kama simu kumi za kuuza, ni biashara. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo iacheni huko. Na mbegu nzuri mliyoiona katika shamba la wageni msiichukue kwa siri. Ombeni kibali cha KEPHIS kwanza. Mmekwisha kusikia habari za inzi na za Osama. Wa tatu asiletwe na mtu wetu.

MATAYARISHO YA MWISHO

Siku mbili kabla ya safari, tandikeni mkeka nyumbani, mtoe kila kitu katika sanduku. Mzee mmoja wa nyumba, au mwalimu aliye jirani, akae mahali pa ofisa. Aulize juu ya kila kitu: Hiki ni nini? Ni cha nani? Nani alikifunga? Kimeruhusiwa? Kitu kisichopata jibu kisirudi sandukuni. Embe litakaloliwa na watoto hapo mkekani ni bora kuliko embe litakalotupwa pipani Frankfurt pamoja na faini. Sheria hubadilika, kwa hiyo katika juma hilo la mwisho ulizeni ubalozi wa nchi mwendayo, au someni maelezo ya forodha yake yenyewe. Maneno ya mtu aliyesafiri miaka mitano iliyopita hayatoshi.

Wazee walisema, "Ukifika nchi ya wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Maana yake ni kufuata desturi za wenyeji, si kujificha. Nendeni na karatasi zinazolingana, sanduku mnalolijua mpaka chini, na jibu la kweli kwa kila swali. Mkifanya hivyo, shamba lililouzwa halitakuwa limeuzwa bure, na wale kumi waliowasindikiza watakuja tena uwanjani siku moja kuwapokea.

Nawatakia safari njema na marejeo mema.